Mshahara wa Dubai, hesabu ya Moshi

Jirani yangu hapa Soweto, Moshi, ni mhandisi wa umeme. Jumapili moja jioni aliniita kwake, na kabla chai haijamiminwa akanisogezea simu. Barua ya ajira kutoka Dubai: dirham 15,000 kwa mwezi, kazi ianze baada ya miezi miwili, familia anaruhusiwa kuihamisha. "Kaka, zidisha mara 700 uone," akasema. Nikazidisha. Milioni 10 na nusu. Hapa mjini mshahara wake kwenye karatasi ni 2,600,000. Mke wake alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya belo, anatenga blauzi za kupigwa pasi na zile za kwenda kwenye fungu. Hakusema kitu.

Mimi ni mhasibu, na mtaani nimeshageuka mtu wa kusomewa karatasi: mikataba ya mikopo, hati za mishahara, mafao ya wastaafu. Barua za kazi za nje zimeongezeka, na karibu wote wanaozileta huwa wameshazidisha kabla ya kufika kwangu. Kuzidisha si kosa, ila kunafaa kwa sehemu ndogo tu ya mshahara, ile itakayorudi kutumika hapa kwa shilingi. Dirham utakayomlipa mwenye nyumba wa Dubai haijawahi kuwa shilingi na haitakuwa. Ni dirham, inaliwa kule kwa bei za kule. Ukitaka kujua barua ina uzito gani, geuza hesabu. Chukua maisha unayoishi Moshi, kitu kimoja kimoja, uyapange kwa bei za kule.

Tulianza na ya nyumbani, kwa sababu watu wengi hawajui wanaishi kwa kiasi gani. Milioni 2.6 ikishakatwa mchango wa NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10, inabaki 2,340,000. Kodi ya mshahara juu ya hiyo ni 530,000. Kinachoingia benki ni 1,810,000. Shemeji, yaani huyo mke wake, ana kibanda cha mitumba soko la Memorial, na baada ya kurudisha mtaji anabaki na kama laki saba kwa mwezi. Jumla milioni 2 na nusu. Nyumba ni yao. Watoto wawili wako shule ya mchepuo wa Kiingereza, ada 1,400,000 kila mmoja kwa mwaka. Dada wa kazi, chakula, luku, maji, gesi, vocha, mafuta ya gari, sadaka, michango, na kitu kidogo cha wazazi. Tulipomaliza kujumlisha, laki sita na kitu ilikuwa inabaki kila mwezi. Yeye mwenyewe alishangaa. Alikuwa anajiona mtu asiyebakiwa na kitu, maana kinachobaki huwa kinageuka matofali kabla hajakiona.

Na kuna vitu tulivyoshindwa kuviandikia bei. Mkungu wa ndizi unaoshuka kutoka kihambani, shamba la migomba la ukoo, Uru kila Jumamosi juu ya bodaboda. Bibi anayechukua watoto likizo nzima. Fundi anayekuja kwa mkopo kwa sababu mmesoma naye. Zipo tovuti za kulinganisha gharama za miji, na nyingine, kama Numbeo, hutegemea bei zinazoingizwa na watumiaji wenyewe. Si mbaya kwa kuanzia, lakini zinamchukulia kila mtu kuwa ananunua kila kitu dukani na kupanga nyumba. Mtu wa Moshi hanunui kila kitu dukani. Kwa hiyo tovuti inaongeza gharama za maisha yake ya hapa, na safari inaonekana nafuu kuliko ilivyo.

Kisha tukavuka kwenda Dubai. Bei nilizoweka ni za kukadiria, na nilikadiria kwa upole ili asije akasema namtisha. Nyumba ya vyumba viwili mbali na katikati ya jiji, dirham 75,000 kwa mwaka. Juu yake kuna ada ya nyumba ya manispaa, asilimia 5 ya kodi, inayogawanywa na kuingizwa kwenye bili ya umeme na maji ya kila mwezi: 3,750. Shule za serikali kule hufundisha kwa Kiarabu na zimewekwa kwa ajili ya raia kwanza, hivyo karibu watoto wote wa wageni husoma shule binafsi. Mamlaka ya elimu ya huko, KHDA, huweka ada za kila shule hadharani, kwa hiyo hapa hakuna sababu ya kubahatisha. Mzazi anakaa na simu yake jioni moja, anaona. Tuliweka 20,000 kwa mtoto, shule ya kawaida isiyo na jina. Wawili ni 40,000. Basi la shule, sare na vitabu, 7,000. Chakula, umeme, usafiri, simu, pamoja na bima ya afya ya mke na watoto, ambayo sheria ya Dubai inamtwika anayewadhamini, tukavibana vyote ndani ya 4,000 kwa mwezi, yaani 48,000.

Jumla 173,750. Mshahara wa mwaka mzima ni 180,000, na Dubai haikati kodi ya mshahara, kwa hiyo zote ni zake. Inabaki 6,250.

Hiyo ndiyo ya kuzidisha mara 700. Ni 4,375,000 kwa mwaka, kama 365,000 kwa mwezi. Laki sita ya Moshi imepungua karibu nusu, kwa mshahara ulioonekana mara nne ya wa hapa.

Akachukua simu yake akarudia hesabu mwenyewe. Mara mbili.

Ada peke yake inaeleza mengi. Hapa watoto wote wawili ni 2,800,000. Kule 40,000 ni sawa na milioni 28, mara kumi kamili, na si kwa shule ya kifahari. Mtu asiye na mtoto, au mwenye mtoto wa miaka miwili, anasoma barua tofauti kabisa na hii hata kama tarakimu ni zile zile. Ndiyo maana sipendi swali la "dirham 15,000 ni nzuri?" Nzuri kwa vinywa vingapi, vyenye umri gani?

Halafu Desemba. Msomaji wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa, ila kwa wengine: Mchaga anaweza kukosa mengi, lakini Krismasi asipopanda mlimani, kijijini kwao, watu wataulizana kama ni mgonjwa. Tuliweka tiketi nne za kuja KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa dirham 2,500 kila moja, na kwa Desemba hiyo ni bei ya kubembeleza. Ni 10,000. Ziada yote ya mwaka imekwisha na deni la 3,750 limeingia kabla hata begi halijafunguliwa. Na mtu hatoki Dubai mikono mitupu. Shangazi atataka kitenge, wajomba watataka mbuzi, na kwenye kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa binamu, ambako wewe wa Soweto uliandikiwa 50,000, wewe wa Dubai utakuta sifuri imeongezeka. Hata kama unaishi kwa mkopo, hakuna atakayekuamini. Wamezidisha mara 700 na wao.

Nilimuuliza kama amejua atahitaji kiasi gani kabla ya mshahara wa kwanza. Sisi hapa tunamlalamikia mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita. Dubai kodi huhesabiwa kwa mwaka, na kwa desturi unaandika hundi za tarehe za mbele: moja, mbili, nne, kadiri mtakavyokubaliana. Tuseme amepata nne. Hundi ya kwanza 18,750. Amana asilimia 5, 3,750. Dalali naye kwa kawaida asilimia 5, 3,750 nyingine. Amana ya umeme na maji kwa nyumba ya ghorofa, 2,000. Ni 28,250, karibu milioni 20 za kwetu, na ndani bado hakuna godoro. Asipoondoka na akiba kutoka nyumbani, atakopa kule, na mwaka wa kwanza utaliwa na riba. Wengi niliowaona wakirudi kimyakimya hawakushindwa na mshahara. Walishindwa na miezi mitatu ya mwanzo.

Hapo ndipo akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri. Akaniambia: kaka, mbona fulani wa Marangu alikaa Ghuba miaka sita akajenga ghorofa? Na yule wa Rombo mwenye malori?

Nikamuuliza: walikwenda na nani?

Kimya. Walikwenda peke yao. Nadhani hapa ndipo tunapodanganyana kijiji kizima. Nyumba tunazozionyeshea kidole kama ushahidi kwamba nje kunalipa, nyingi zilijengwa na mtu mmoja aliyelala chumba cha kushirikiana, akala wali wa kupika mwenyewe, na familia ikabaki hapa ikiishi kwa bei za hapa. Tukaipigia hesabu na hiyo. Chumba chake mwenyewe, cha kawaida, 2,500 kwa mwezi. Chakula, simu na usafiri, 1,800. Kwa mwaka ni 51,600. Kinachobaki ni 128,400, karibu milioni 90, yaani milioni 7 na nusu kwa mwezi. Toa matumizi ya nyumbani yaliyokuwa yakitoka kwenye mshahara wake wa hapa, bado inabaki pesa ya kujenga.

Mshahara ni huo huo, barua ni hiyo hiyo. Mtu mmoja anabakiwa na milioni 7 na nusu, watu wanne wanabakiwa na laki tatu na nusu. Sisemi baba aende peke yake. Nimeona kinachotokea kwenye ndoa za namna hiyo na sitaki kuwa mshauri wa hilo. Ninachosema ni kwamba mtu asichukue ushahidi wa msafiri mmoja akaufanya bajeti ya familia.

Mpaka wakati huo shemeji alikuwa hajaongea. Akakunja blauzi ya mwisho, akauliza: "Na mimi nitauza nini huko?"

Swali hilo ndilo lilipaswa kuwa la kwanza, na kwenye hesabu za wanaume wengi halipo kabisa. Laki saba yake ya Memorial tulishaipoteza tangu tulipovuka kwenda Dubai na hakuna aliyeitaja. Mke aliye chini ya visa ya mume anaweza kuajiriwa kule akipata kibali cha kazi, lakini biashara yake haihami. Wateja wake hawahami, wala jicho lake la kujua belo la daraja la kwanza kabla halijafunguliwa. Yeye pia ni katibu wa kikoba chao. Hisa zake anaweza kuziondoa, ila ile nguvu ya kuamka saa kumi usiku mtoto akiwa na homa na kupata laki mbili kwa simu moja, hiyo haina akaunti benki. Na dada wa kazi haendi, maana kumwingiza msaidizi wa ndani kule kuna masharti yake ya kipato. Mama aliyekuwa na mapato anakuwa mama asiye na mapato, mwenye kazi zote za nyumba, kwenye ghorofa ya tisa, asiyemjua mtu. Mhasibu hana safu ya kuandika kitu hicho, lakini nimeona kikirudisha familia kabla ya fedha kuirudisha.

Kuna jambo la uzeeni pia, ambalo vijana hulipita haraka. Hapa kila mwezi NSSF inapokea 520,000 kwa jina lake, nusu kutoka kwake na nusu kutoka kwa mwajiri. Akiondoka, bomba hilo linafungwa. Dubai hakuna NSSF ya mgeni. Kuna kiinua mgongo cha kumaliza kazi, mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa miaka inayofuata. Habari njema, ila soma maandishi madogo: siku hizo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi tu. Barua ya jirani yangu iligawanya 15,000 hivi: msingi 6,500, zilizobaki ni posho ya nyumba, usafiri na "nyinginezo". Kiinua mgongo chake cha mwaka ni 4,550, kama milioni 3 na laki mbili. NSSF ya mwaka ni 6,240,000. Kampuni hainyimi mtu chochote kwa kugawanya hivyo, ni desturi yao, lakini mtu anayesoma jumla tu hataona kwamba kila dirham iliyohamishwa kutoka msingi kwenda posho imemkimbia uzeeni.

Isionekane ninaichukia Dubai. Shemeji wa jirani yangu, wa Njiro, Arusha, mtaalamu wa kompyuta, ana barua ya Uingereza ya pauni 42,000, na hiyo nayo ina meno yake, ya upande mwingine. Kwanza tarakimu hiyo ni ya mwaka, na kabla haijafika mkononi inapita kwa mtoza kodi. Pauni 12,570 za kwanza hazikatwi. Zinazozidi hukatwa asilimia 20 ya kodi na asilimia 8 ya bima ya taifa. Kinachobaki ni kama 33,760, yaani 2,813 kwa mwezi, kabla ya pensheni, kodi ya nyumba, na ushuru wa halmashauri ambao kule hulipwa na mpangaji. Shule ya serikali ni bure kwa watoto wake, na hospitali haidai mlangoni. Lakini huduma hiyo ya hospitali ameshailipia kabla ya kupanda ndege: tangu Februari 2024 ada ya afya kwa visa ya kazi ya aina yake ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka wa visa, zote kwa pamoja. Wazazi wawili na watoto wawili kwa miaka mitatu ni 10,866. Karibu mishahara minne ya mkononi, kabla hajafanya kazi siku moja. Wako waajiri wanaolipa na wako wasiolipa, na barua yake haikusema.

Mmoja wa watoto hao ana mwaka mmoja na nusu. Saa 30 za kulelewa watoto bure anazozisikia kwenye video za Watanzania wa London zinahitaji angalau mzazi mmoja awe na haki ya kupata misaada ya serikali, na visa yao inawazuia wote wawili. Cha kumfariji ni kwamba mke wake ataruhusiwa kufanya kazi karibu yoyote. Kwao, tofauti na kwa jirani yangu, mshahara wa pili ndio utakaoamua kama safari inalipa, na mshahara huo utagombana na bei ya kulea mtoto. Dubai hukuachia kodi ikakukamata kwenye ada, Uingereza hukuachia ada ikakukamata kwenye kodi. Nani anapona inategemea umri wa watoto kuliko jina la nchi.

Neno la fedha zinazorudi, maana hizo ndizo tunazozidisha kihalali. Dirham imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja, tangu 1997. Kwa hiyo dola ikiyumba mbele ya shilingi, dirham inayumba nayo. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda kwa kasi, na watu waliokuwa wanajenga kwa fedha za Ghuba wakashangaa mshahara haujapungua lakini mifuko ya saruji imepungua. Hata 700 yangu ni ya mazungumzo tu. Niliiweka kwa sababu yeye ndiye aliyekuja nayo.

Tulifika saa nne usiku. Nilimshauri asiombe kuongezewa mshahara. Mwajiri akiombwa 15,000 iwe 18,000 huona mtu mwenye tamaa. Akiombwa ada ya watoto na tiketi za familia mara moja kwa mwaka anaona baba wa watoto, na maombi hayo huwa yana mlango kwenye sera za kampuni nyingi. Kwenye hesabu yetu, ada na tiketi ni dirham 50,000. Ndizo zinazofanya safari ya familia iwe safari au iwe matembezi ya gharama. La pili, msingi upande hata kama jumla itabaki pale pale. Akaandika barua pepe palepale mezani, kwa Kiingereza chake kizuri cha chuoni, akanisomea mara mbili, akaituma.

Majibu yalikuja Alhamisi. Ada ya mtoto mmoja wamekubali, tiketi ni yake tu, msingi haubadiliki. Dirham 20,000 zimerudi mezani: ziada 26,250, tiketi tatu za Desemba zikitoka inabaki 18,750, kama milioni 1.1 kwa mwezi. Ni zaidi ya laki sita ya Moshi, ingawa tofauti karibu yote ndiyo ile NSSF itakayokatika. Alinipigia akiwa na furaha. Nikamwuliza shemeji anasemaje.

"Anasema niende kwanza miezi sita, nione," akajibu. "Halafu ndiyo tuongee habari ya watoto."

Jumamosi nilipita Memorial kutafuta jaketi. Nikamkuta pale pale kwake, mkasi mkononi, anakata kamba za belo jipya.